Mume Wangu Anakosea Makusudi Ili Nimsahihishe

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, na naomba usinicheke, maana hata mimi nikiisoma barua hii nacheka halafu naikunja haraka. Mimi ni bibi harusi, bado najiita hivyo ingawa maua ya harusi yameshakauka kwenye chupa, na nimempata mume ambaye nikikueleza utasema nimemwota, mpole, mcheshi, akiniita "mpenzi" sauti yake inashuka taratibu kama mtu anayeweka yai mezani, na nikisikia viatu vyake kwenye ngazi moyo wangu unafika mlangoni kabla ya miguu.

Kazi yake ni mwalimu wa tuisheni, na darasa ni sebule yetu. Mchana tunasogeza makochi ukutani, tunatandika mkeka, ubao tunauegemeza kwenye kabati la vyombo, na wanafunzi wanaanza kugonga. Mimi ninakuwa jikoni, kati yetu ni pazia tu, nasikia yote, na hapo nyuma ya pazia ndipo nilipompenda mara ya pili, kwa sababu mume wangu hafundishi watoto wawili kwa namna moja. Yupo mvulana tunayemwita Radi, huyo hawezi kukaa, ukimkalisha anatafuna penseli mpaka inabaki kipande, basi anafundishwa akitembea, kutoka dirishani hadi mlangoni anazitaja sehemu za ua, hatua moja sehemu moja, na hasahau hata moja. Yupo Profesa, anayejibu kabla hujamaliza kuuliza, huyo hapewi sifa hata kidogo, mume wangu anamwambia "thibitisha" na kumgeuzia mgongo, naye anatoa jasho kwa raha. Na yupo msichana tunayemwita Kimya. Huyo mama yake alipomleta alikaa siku nyingi akihesabu vidole vyake tu, ukimsemesha utadhani umemkanyaga.

Sasa nikueleze furaha yangu, maana hofu yangu imezaliwa humo humo. Mume wangu ni msahaulifu. Au ndivyo nilivyodhani. Funguo anazitafuta chumba kizima na ziko juu ya redio mbele yake, chumvi anaitia kwenye chai, njia ya kwenda kwa fundi wa viatu inampotea mpaka nimshike mkono nimgeuze, na kila nikimsahihisha anajipiga kofi kwenye paji la uso na kusema, "Lo! Bila wewe ningekuwa wapi?" Mshauri, maneno hayo yalikuwa sukari yangu. Kwetu mimi ni mtoto wa katikati, dada yangu ndiye mwenye akili, mdogo wangu ndiye mwenye sura, mimi niliambiwa "wewe kaa hapo," nikakaa, na sekondari nilimaliza bila kunyosha mkono. Siku za kwanza kwa mama mkwe nilikuwa naitikia kwa kichwa tu. Lakini leo nataniana na mama mkwe mpaka anashika mbavu, sokoni napatana bei, hata mwenye nyumba nilibishana naye kuhusu bomba la jikoni mpaka akaleta fundi. Nikasema haya ndiyo mapenzi, yamenifungua mdomo.

Basi alasiri moja nakata vitunguu nikasikia sauti nyembamba kama uzi. "Mwalimu... hapo siyo hamsini na nne. Saba mara nane ni hamsini na sita."

Kimya! Kimya kasema! Nikasimama na kisu mkononi nalia, na vitunguu havikuhusika. Halafu nikasikia kofi la paji la uso.

"Lo! Bila wewe ningekuwa wapi?"

Sauti ile ile, Mshauri. Hata kale kapumziko baada ya "lo" kalikuwa kale kale.

Profesa akaja jikoni kuomba maji. Nikamwambia kwa utani, "Mwalimu wako leo kachoka, saba mara nane inamshinda?"

Akachungulia nyuma kwanza. "Hajachoka, Mama Mwalimu," ananiita hivyo na mimi hata sijazaa, "anakosea makusudi. Anamwachia Kimya kosa ili alione yeye. Mbele yangu mimi hakosei hata siku moja. Lakini Kimya usimwambie."

Akanywa maji yake akaenda, akaniacha na vitunguu. Nikazikumbuka funguo. Nikaikumbuka chumvi. Nikajiuliza, mimi nimeolewa au nimeandikishwa? Yote niliyodhani ananihitaji, kumbe yalikuwa somo langu, Radi ana dirisha na mlango, Profesa ana "thibitisha", na mimi nina funguo juu ya redio? Na ubaya zaidi, alikuwa ameshaniomba kuanzia Jumatatu ijayo nichukue kundi la watoto wadogo, akasema wanahitaji mtu kama mimi, nikaruka kwa furaha nikamwangukia shingoni, sasa naogopa kwamba hilo nalo ni zoezi tu, na watoto hawadanganyiki, wataniona mara moja kwamba ndani mna mtu wa "kaa hapo". Na kumwuliza siwezi, maana akisema "hapana mpenzi, nakuhitaji kweli," nitajuaje kwamba hilo nalo si la kufundishia?

Ndipo nikafanya lililonifanya niandike. Jumamosi iliyopita wazazi waliitisha kikao nyumbani kwa baba yake Radi, wanalalamika kwamba watoto wao hawafundishwi sawa, huyu anatembea, yule anahesabu kwa kuchezea maharagwe, mwingine anageuziwa mgongo, haya ni masomo gani? Mume wangu alikuwa akizunguka chumbani asubuhi nzima anajisemea maneno ya kuwaambia. Akavaa sweta, akaivaa ndani nje, mishono yote inaonekana, lebo imetokeza shingoni kama ulimi. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikasema moyoni, leo sikusahihishi, tuone ukifika mlangoni utafanyaje. Akafika mlangoni akageuka akanitazama, nikajua naam, huyo, anasubiri niseme. Akasema, "Niombee." Akaenda. Nilimchungulia dirishani mpaka akapinda kona na ule ulimi wake shingoni, nikawa bado nangoja arudi acheke.

Alirudi jua limeshapoa. Kumbe hakumaliza hata sentensi ya kwanza. Baba yake Radi alisimama akamzunguka kama mtu anayekagua mbuzi, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye anayeijua njia ya kila mtoto wetu, na ya kuingilia kwenye sweta haijui!" Watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje, na yale maneno yote aliyoyapanga yakamkauka. Radi ametolewa. Mama yake Kimya amesema naye atafikiria.

Mume wangu alikaa kwenye kochi na sweta mapajani. Akaniuliza, "Mke wangu, hukuniona nilivyotoka?"

Nikasema, "Sikuona."

Akasema, "Basi," na hakujipiga paji la uso.

Tangu siku hiyo anafundisha kwa sauti ya chini, ile njia ya dirishani hadi mlangoni iko tupu, na Jumatatu bado ananingoja niwachukue wadogo. Naogopa kumwambia kwamba niliona nikamwacha aende. Naogopa kunyamaza, Kimya naye akiondolewa je? Jana kifungo cha shati kilimfunguka nikabaki nakitazama tu, sijui kama kimeachwa wazi kwa ajili yangu au kimemfunguka tu. Nampenda mpaka naumwa. Nifanye nini?

Ni mimi,
Bibi Harusi wa Nyuma ya Pazia

*

Bibi Harusi,

Kwanza toka huko nyuma ya pazia, nikuone vizuri ninapokugombeza.

Pole, mwanangu. Kusikia sukari yako ikitiwa kwenye kikombe cha mwingine kunauma, na aliyekulia kwenye "kaa hapo" huumia mara mbili. Hilo nalielewa. Lakini umejitesa kwa swali ambalo sweta imeshalijibu. Umewahi kumwona mama akicheza kibe na mtoto mdogo? Hujificha nyuma ya mlango akaacha kidole cha mguu nje, ili aonekane. Hajifichi akahama nyumba! Anayekosea makusudi huliacha kosa mahali pa kupatikana. Mumeo alitoka na kosa lake barabarani, akalipeleka mbele ya watu waliokuwa wakimsubiri kwa meno. Hiyo haikuwa mbinu. Alikuwa na hofu hata hajui amevaa nini. Na alipogeuka mlangoni na kukutazama, wewe uliyeogopa darasani miaka yote ungepaswa kuijua ile sura. Ulitafuta ujanja usoni mwa mtu anayetetemeka, kisha ukamdanganya. Hapo ulikosea, na si makusudi ya kufundishia.

Je, ile chumvi na zile funguo? Huenda nyingine zilikuwa za kupanga, sitakudanganya. Kwa hiyo na wewe Mwalimu, najua utalisoma gazeti hili, nina neno nawe. Kosa la kumwachia mtoto ni gongo la mtu aliyevunjika mguu, linasaidia, halafu linaondolewa. Mkeo anagombana na mwenye nyumba, wewe bado unamletea gongo la nini? Na kama alihitaji kuambiwa anapendwa, ungemwambia.

Ila nawe, bibi harusi, nijibu hili. Bomba la jikoni linatoa maji? Linatoa. Mwenye nyumba alikuwa kwenye mbinu ya mumeo? Mama mkwe anayeshika mbavu, naye kaandikishwa? Huo mdomo ni wako. Aliyekufungulia mlango hakukubeba kupita.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla wanafunzi hawajagonga na makochi yakiwa bado mahali pake, mwambie: "Sweta niliiona." Usianze na Kimya, usianze na Profesa, wala usianze na "lakini wewe." Atanyamaza. Mwache anyamaze, kazi hiyo unaijua. Akimaliza, mwambie kilichokufanya ufunge mdomo, kisha umwombe neno moja: asikosee tena makusudi mbele yako. Ya bahati mbaya yatawatosha maisha yenu yote.

Halafu mwende wawili kwa baba yake Radi, na uzungumze wewe, maana mumeo pale ameshakaushwa. Mwambie kosa la sweta lilikuwa la nyumbani kwenu, lisimwadhibu mtoto. Usimweleze mbinu yoyote. Mwombe amlete Radi mara moja tu, na yeye baba umweke kitini jikoni kwako, nyuma ya hilo pazia, asikilize mwanawe anavyozitaja sehemu za ua. Miguu ya mtoto itamweleza baba yake. Mama yake Kimya mkaribishe siku hiyo hiyo, lakini Kimya mwenyewe usimwambie kitu, Profesa ana akili kuliko sisi.

Jumatatu wachukue wadogo. Kati yao wapo ambao hawajawahi kunyosha mkono, na mumeo inambidi awachunguze siku nyingi ndipo awatambue. Wewe utawatambua wakiwa bado wanavua viatu.

Na kila anapotoka, kabla hujambusu, mtazame shingoni.