Polisi Hakuchinjwa Krismasi

Mayu, mama yangu, ng'wangaluka.

Najua hutaitikia. Nafungua mlango asubuhi nakusalimia hivyo hivyo, na mjukuu wako Kabula anadhani namsalimia yeye, anacheka. Ameota meno ya chini. Ulimwacha kibogoyo.

Mvua zimeshika vizuri. Krismasi ilipokaribia nilikwenda ziwani kuchota udongo mweupe wa kupaka ukuta, kama tulivyokuwa tunakwenda sisi wawili. Mtoto mgongoni, ndoo kichwani, nikafuata njia yetu ya kwenye majaruba ya mpunga. Nikitaka kupumzika nakusikia: "Tembea, ziwa halikufuati." Mtu mgumu wewe. Mwaka jana ulikuwa tayari unaumwa, kila mahali unakaa chini ukisema kandambili imeingia kokoto, nami nikajifanya naamini. Mwaka huu njia nzima sikuona kokoto hata moja.

Ukuta nimeupaka peke yangu. Umetoka mzuri, ila kule juu sikufika.

Sasa nikwambie habari za mdogo wako.

Mjomba alipiga simu kutoka Bariadi, akasema sikukuu hii familia ikutane kwako, tukukumbuke. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikatwanga mpunga, nikaanika dagaa, nikaenda mnadani kumtafutia Kabula gauni. Nilisahau ni mjomba yupi. Ulipokuwa unaumwa, kila nikimpigia yuko kwenye kikao. Ukafa, kikao kikaisha, akaja kulia msibani mpaka wanaume wakamshika mikono.

Alifika na mke wake siku moja kabla ya Krismasi. Suruali imenyooshwa mpaka inakata, anavuka matope ya mlangoni kwa ncha za vidole kama kuku aliyeona maji. Nikampa shikamoo yake, nikampa chai. Akazunguka nyuma kwenye zizi, mikono mgongoni, akarudi anasema Polisi amenona.

"Dada yangu hawezi kukumbukwa kwa kuku," akasema, sauti ile ya kuhutubia.

Polisi, mayu. Maksai wako. Na anajua kabisa kwamba wewe ulikuwa na Polisi na jirani yetu Mama Shija ana Diwani, na hao wawili ndio plau moja ya nyumba mbili. Wamefungwa nira pamoja tangu wakiwa ndama wakubwa, Polisi kushoto, Diwani kulia, na hakuna anayekubali mwenzake mwingine. Ukimchinja mmoja, wanawake na watoto wa nyumba mbili wanarudi jembe la mkono, tena mvua ndiyo hii imeshaanza. Mjomba amekulia nyuma ya plau. Angekuwa hajui ningemwelewesha. Alikuwa anajua. Hicho ndicho kilichonichefua.

Mke wake ndiye aliyenipa ukweli jikoni, wakati tunapepeta mchele: mjomba alishaalika watu wa ofisini kwake, kawaahidi supu. Kwa hiyo hukukumbukwa wewe. Walikumbukwa wao.

Kwanza nikaendelea kupepeta. Nilikumbuka neno lako kitandani, usigombane na mjomba wako, ndiye niliyebaki naye. Nikalimeza. Mjomba akaagiza kamba. Mama Shija alikuwa ameshasikia, akaja akasimama kwenye mlango wa zizi, mkono kiunoni. Angesema nini? Ng'ombe si wake, ukoo si wake. Shamba ndilo lake.

Nilipomwona pale nikashindwa kujizuia.

"Mjomba," nikamwambia, "dada yako alipokuwa anaumwa hukumletea hata huyo kuku."

Akanitazama kama kitu kilichoganda kwenye kiatu. "Wewe mtoto, habari za ng'ombe umezijulia wapi?"

"Sawa, mchinje. Ila sikukuu ikiisha usiondoke. Diwani atahitaji mwenzake, na shingo unayo."

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wake. Alijaribu kujiziba na kanga, ikashindikana. Halafu Mama Shija, uso mkavu kabisa, akamuuliza mjomba amezoea kuvuta kushoto au kulia.

Mjomba aliondoka jioni ile ile. Alikuwa anapiga simu huku anatembea, anawaambia watu wake wasije, hapa kuna ugonjwa. Mke wake hakuondoka naye. Alilala hapa, akala Krismasi wali na dagaa na yule jogoo mwenye kelele, akaongeza sahani.

Sikukuu ilipopita tulilima. Upande wa kichuguu tumeweka pamba, kwa Mama Shija mahindi. Polisi bado mkaidi, akifika mwisho wa tuta anajifanya kiziwi.

Mjomba anatangaza huko kwamba sina adabu, kwamba hatakanyaga hapa tena. Asikanyage. Mtu anayelia kwa sauti kubwa halafu anakagua mbavu za ng'ombe wa marehemu, miguu yake isipofika hakitapungua kitu hapa uani.

Lakini ni ndugu yako. Sikuombi radhi, mayu, ungekuwepo ungeshika kamba upande wangu, ingawa baadaye ungenisema. Mimi nimechoka tu. Nanyonyesha, nalima, nachota maji, sina nguvu ya kumchukia mtu kila siku.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Akija kuumwa, na wale aliowaahidi supu wasionekane, mlango huu ataukuta wazi. Nitamlaza kwenye kitanda chako. Nitampikia uji, nitaukoroga vizuri usiwe na mabonge, na akishindwa kushika kijiko nitamnywesha. Upendo asitegemee. Atakunywa, atalala, na asubuhi atatusikia nje tunamfunga Polisi nira kwenda shambani.

Lala, mayu. Mtoto ameamka.

Binti yako