Hukumuuliza Anaanzia Wapi

Gisenyi, Jumapili baada ya adhuhuri

Fundi Ramazani,

Sikuandikii kukusalimia. Wanaokusalimia ni wengi. Kila anayepita barazani anasema Mungu amrehemu, yule mzee alikuwa na mkono wa ufundi, na mimi nainamisha kichwa naitikia amina. Leo amina imenishinda. Watu wanasema marehemu hasemwi. Sawa. Mimi sikusemi, nakwambia mwenyewe, kama wewe ulivyokuwa ukiniambia mimi bila kupepesa macho.

Nina hasira na wewe, Fundi.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Tulikuwa tumerudi kutoka Tabora, baba hana kazi, mama anatarizi vitambaa vya meza, na mimi sindano nilikuwa nimeizoea tangu utotoni. Nikapita hapa Nengo nikaona fimbo zako za kuloba zimeegemea ukuta wa baraza. Kule nilikokulia, kuloba tunaita kuvua kwa ndoana, na fimbo yake ni fimbo tu, unaikata porini. Zako zilikuwa mianzi iliyonyooka, inang'aa kwa verni, yaani vanishi, ina vipete vya shaba vya kupitishia mshipi, na juu ya mpini kila moja imefumwa uzi mwekundu na mweusi, mistari ya kupanda na kushuka kama ile ya agaseke, kikapu cha hapa chenye mfuniko uliochongoka. Nilisimama mpaka ukaniuliza kama nimepotea. Nikasema sijapotea, nataka kujifunza hii. Ukacheka, ukasema, "We Mutanzania, hii haiko kitambaa." Lakini ukanipa kiti, na kwa kiti kile nilikupenda.

Miaka mitatu. Ulinifundisha kuchagua mwanzi, kuunyoosha juu ya makaa, kufunga vipete. Ulinifundisha kuilaza fimbo juu ya panda mbili za mti na kuuzungusha mwanzi badala ya uzi, na uzi wenyewe kuupitisha ndani ya kitabu cha simu cha zamani ili kurasa ziubane usilegee. Hayo yote ni kweli na sitayakana. Kwa hayo, asante.

Lakini ikifika saa ya kufuma michoro, ulinituma. Mara maji yameisha. Mara nivuke mpaka niende Goma nikatafute verni. Mara nikamwone mama yangu, utafikiri mama alikuwa mgonjwa kila wiki. Nikirudi nakuta umeingiza fimbo ndani, pazia limeshuka, redio inaongea. Kesho yake fimbo inatoka imefumwa, na karibu na mpini iko ile herufi R ya jina lako. Nikikuuliza, unasema hiyo ni siri ya fundi, nitapewa nikikomaa.

Basi nikajaribu kukomaa. Ulinipa vipande vya mianzi vilivyobaki nifanyie mazoezi, na ulinipa sheria moja, hukuibadilisha hata siku moja: "Fimbo inaanziaka fasi mutu anaishika." Nianze mpinini, niende kuelekea nchani. Nikaanza mpinini. Nikalaza nyuzi za urefu, nikaanza kuzungusha, nyingine nainua, nyingine naziacha chini, mpaka mchoro unajitokeza. Halafu, nikifika katikati, uzi unateleza. Mzunguko mmoja unamkimbia mwenzake, mwanzi unaonekana, mchoro unafunguka kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka meno. Unakuja wewe na wembe wako. Unakata vyote, pwaa, kwa mkato mmoja. Kazi ya siku mbili inaanguka miguuni pangu.

Mara ya mwisho ulisema neno. Sijui kama unalikumbuka, mimi nalikumbuka na mahali uliposimama. Ulisema, "Mwanamuke vidole vyake ni vya kikapu. Fimbo haviiwezi." Mama Aisha, mkeo, alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Alikusikia. Aliweka chai akarudi ndani.

Nililia njia nzima kwenda nyumbani. Mama akauliza nimefanywa nini, nikamwambia moshi wa makaa. Kesho yake nikarudi kwako. Niliamini kosa ni langu, Fundi. Hilo ndilo ninalotaka ulisikie huko uliko. Miaka mitatu niliitazama mikono yangu na kuichukia.

Kisha sukari ikakuchukua ndani ya wiki moja, na siri hukusema. Hata pale kitandani, nilipokuwa nakushikia kikombe, nilikuuliza. Ukageukia ukutani.

Siku ya arobaini yako, baada ya dua, mpwa wako Shabani akaja na neno lake. Mazishini alichelewa kwa sababu barabara ya Mahoko ilikuwa haipitiki siku zile, lakini arobaini aliiwahi. Akasema kazi ya fimbo imekufa na mwenyewe, hakuna fundi mwingine hapa, baraza haiwezi kukaa bure, ataweka kaguwa, nguo za mitumba za kutoka Goma. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Mimi, sijui nani alinisukuma, nikasema fimbo ya Papa Deo haijakwisha na nitaimaliza mimi. Huyo Papa Deo, unamjua, yule fundi cherehani wa Goma anayeloba kila Jumapili, alikuwa ameagiza fimbo yake kabla hujaumwa. Uliiacha ina vipete, haina ufumaji. Shabani akanitazama kuanzia miguuni. Akasema sawa, Papa Deo anakuja Jumamosi. Akiipokea, meza ya kazi ibaki. Akiikataa, Jumapili marobota yanaingia.

Jumatatu nilianza. Mpinini, kama ulivyonifundisha. Ikateleza. Jumanne nikakaza uzi mpaka ukanikata kidole. Ikateleza. Jumatano nilifika mbali kuliko siku zote, nikasema leo ndiyo leo, nikainua mkono kufuta jasho, na nyuzi zote zikashuka. Nilichukua wembe wako nikakata mwenyewe. Ulikuwa umenizoesha.

Alhamisi Mama Aisha akatoka na chai. Akaweka sinia chini, akasimama. Hajawahi kusimama pale, Fundi, wewe unajua. Akanitazama ninavyolaza nyuzi. Halafu akaichukua fimbo kutoka mikononi mwangu na akaigeuza. Basi. Upande wa ncha ukaja kushoto nilipokuwa nimeuweka mpini, akaketi kwenye kiti changu, akaanzia kwembamba.

Nilitaka kumwambia hapana, Fundi hakusema hivyo. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaondoka. Hahesabu. Anainua uzi, anaacha, anazungusha, midomo imefumba. Na uzi hautelezi! Kwa sababu mwanzi unanenepa kadiri anavyosonga, kila mzunguko mpya unataka kurudi kwembamba, na huko wenzake wamekwisha kaa, kwa hiyo unawabana. Ukianzia mpinini, kila mzunguko unateremkia mbele kwenye utupu. Kitu chepesi namna hiyo. Mtoto angekielewa. Akaniambia, "Ni kama mufuniko ya agaseke. Unaanziaka ku ncha, unaenda unapanua. Kwetu Nyamyumba hata mutoto anajua."

Nikamuuliza ameijulia wapi fimbo. Hakuinua macho. Akasema, "Zote ni mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, taratibu, kama mtu anayetaja bei ya maharage. Zote. Ile ya daktari. Ile ya mzungu wa kwanza, zamani, ulipopata homa na mzungu anakuja kesho yake, wewe unajua kufunga vipete tu, na kwenye michoro umeharibu uzi wote. Akakuhurumia, akaichukua, akaifuma kama mfuniko wa kikapu cha kwao. Mzungu akaja akasifu, akakupa mkono. Wewe ukasema asante. Yeye alikuwa nyuma ya pazia anangoja umwite. Akasema alicheka siku ile, alidhani utamwambia mzungu mara nyingine.

Mara nyingine! Aisha amezaliwa, amekua, ameolewa Goma, na mara nyingine haijafika.

Sasa nisikilize. Uongo wako kwa wazungu, ningeweza kuumeza. Mwanamume ana aibu zake, na ulimi ukishateleza mara moja, kesho ni vigumu kuurudisha. Lakini ulikaa kwenye chumba kimoja na mwanamke huyu zaidi ya miaka ishirini, unasikiliza redio, yeye anafuma mbele yako dirishani, na hukumuuliza anaanzia wapi. Hukutazama hata mara moja. Hukuwa na siri ya kunificha, Fundi! Ulikuwa hujui. Ulinifundisha kwa sauti kubwa kitu usichokijua, ukanikata kwa wembe kwa kukufuata, halafu ukaja kunitajia vidole vya kikapu, wakati vidole vya kikapu ndivyo vilivyokupa jina katika mji huu. Na alikuwa mlangoni. Ayii, Fundi. Alikuwa mlangoni na chai yako.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Alikuwa bwana yangu. Na ile kazi nilikuwa naipenda. Nilikuwa nangoja tu aseme." Nikauliza kwa nini basi hakuniambia mimi, na alikuwa akiona kazi yangu inakatwa. Akasema nami sikuwahi kumuuliza kitu zaidi ya sukari ya chai.

Hapo alinipata. Niliona nyuzi nyekundu zimenasa kwenye kitenge chake, si mara moja, nikafikiri amefagia. Hata jina lake nilikuwa silijui. Mama Aisha, Mama Aisha, basi. Kwa hiyo hasira yangu si yako peke yako, nyingine naila mwenyewe. Lakini kubwa ni yako.

Alichofuma Alhamisi alikifumua. Akasema fimbo ni yangu, nianze. Ijumaa nilifuma kutwa, yeye pembeni anachambua maharage, akiona nakosea anakohoa tu. Uzi ukakaa. Nilipofika mahali pa herufi yako nikasimama, nikamuuliza jina lake hasa, lile alilopewa na baba yake. Akaniangalia kama nimemuuliza kitu cha aibu. Akasema Mukandori. Nikamwandikia kwenye karatasi ili tuhesabu nyuzi za kila herufi, ndipo nikajua hasomi. Miaka yote ile alifuma R yako kama anavyofuma jani au pembe, bila kujua inaitwaje. Akapitisha kidole kwenye karatasi, mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Donc, kumbe hii yote ni mimi?" Nikamwambia yote.

Jumamosi Papa Deo akaja, Shabani naye akaja kushuhudia. Papa Deo akaikunja fimbo, akaiachia, akapitisha ukucha juu ya ufumaji kutafuta pengo. Hakupata. Kisha akaisogeza kwenye mwanga akasoma. Akauliza, "Mukandori ni nani?"

Shabani akafungua kinywa, na mimi nikafungua changu. Wote tulichelewa. Mama Aisha alikuwa amesimama na sinia, palepale mlangoni, akaiweka sinia juu ya meza ya kazi, katikati ya nyuzi, mahali ulipomkataza kuweka kitu. Akasema, "Ni mimi."

Papa Deo akasema bon, vizuri. Akaagiza nyingine ya shemeji yake, akataka na ile iandikwe vilevile. Shabani alikunywa chai yake yote, na habari ya marobota hatujaisikia tena. Meza iko palepale.

Limebaki moja. Ile fimbo yako mwenyewe, ya kulobea, iliyoko pembeni ya kabati. Siku zote niliona ufumaji wake umelegea, mwanzi unachungulia, nikadhani ni maji na miaka. Leo asubuhi niliichukua niifumue, nimfumie Mama Aisha kitu kizuri cha ukumbusho. Akanishika mkono. Akasema, "Hapana. Ile alijifumia yeye." Uliifuma peke yako, ulipopona ile homa, ukitaka kuona kama na wewe unaweza. Ulianzia mpinini. Ikateleza. Na ukaloba nayo maisha yako yote, mbele ya watu.

Nimekaa nayo mapajani tangu adhuhuri. Hasira haijaisha, usijidanganye, na kwenye fimbo zetu R yako haitarudi. Nitafundisha, na wa kwanza nitakayemfundisha nitamwonyesha anaanzia wapi na nitamtajia aliyenionyesha. Lakini hii yako sitaigusa kwa wembe. Kila mwaka kabla ya mvua nitaipaka verni, nyuzi zako zisianguke. Mbaya, imelegea, lakini umeifuma wewe.

Lala, Fundi.

Mwanafunzi wako, Salima