Shabani Anachokoa Saruji Yake

Fundi Rajabu,

Kaa vizuri huko uliko, nina habari tamu. Ile nyumba ya Parkdale ya matofali mekundu, ya mtindo wa Kiingereza, uliyokuwa ukiipapasa kila asubuhi ukifuata mistari kwa kidole, mmoja wa matofali marefu, mmoja wa mafupi, imekulipizia kisasi. Matofali ya mbele yanabanduka nyuso kama maganda ya muhogo.

Ulimwonya Shabani, mwenye kazi, asizibe viungo vyake kwa saruji. Ulimwambia ukuta wa zamani unapumua: chokaa huyaachia maji yatoke, saruji huyafungia ndani, na baridi ikiyagandisha, tofali hupasuka. Akakujibu mbele ya watu, "Mzee, hapa ni Toronto, si Pangani. Chokaa kapakie choo." Akakuteremsha jukwaani. Ulifunga mwiko wako kwenye taulo, ukaenda kungoja tramu. Hukuushika tena mpaka tulipokuzika.

Watu walicheka. Nami nilicheka, Fundi. Kidogo tu, kicheko cha mtu mwenye tumbo kubwa anayeogopa kukosa kazi. Nimekibeba tangu siku ile, pamoja na tumbo.

Mwezi uliopita Shabani akaja kwangu Mississauga, sauti imempungua. Mama mwenye nyumba anataka kujua ukuta wake una nini, na mafundi wa chokaa aliowapigia wote wamebanwa. Nimebaki mimi, mwanafunzi wako mvivu. Nikampa chai, nikamwacha aombe mpaka ikapoa. Kisha nikampa masharti mawili: amwambie yule mama kwa kinywa chake nani alimwonya, na saruji aitoe mwenyewe, kwa tindo na nyundo, maana mashine hukata matofali.

Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, huyo mzee yuko wapi sasa? Shabani akatazama viatu vyake. Natamani ungeviona vile viatu.

Hii wiki ya tatu anachokoa, amekalia ndoo yako. Jioni anakanda chokaa. Nikiinua mwiko ikanata badala ya kuteleza, naimwaga, namwambia neno lako: "Rudia." Sipandishi sauti, wewe hukuwa ukipandisha. Jana akalalamika, "Kaka, mikono imechubuka." Nikamshauri kwa upole apake mafuta ya nazi. Mazuri, nikamwambia, yanatoka Pangani.

Ningekuwa mtu mwema ningemhurumia. Bado sijafika huko.

Lakini usidhani nimejisahau. Tao la matofali juu ya mlango nimemkataza asiliguse. Hilo ni la yule mwingine aliyecheka. Nitalichokoa mwenyewe, nitakanda mwenyewe, na ikinata nitajiambia Rudia, Shabani akisikia. Baridi inakaribia na chokaa haivumilii barafu, kwa hiyo sina nafasi ya kujionea huruma.

Pumzika, Fundi. Safari hii sishuki jukwaani mpaka ukuta wako upumue.

Mwanafunzi wako mnene,
Hamisi