Klova Kwenye Vumbi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimemwaga mbegu ya klova leo, majani ya kulisha ng'ombe. Kwa vumbi! Mume wangu Walubengo alirudi kutoka kazini Bungoma Ijumaa, akaangalia malisho, akasema nyasi imekwisha. Mvua ikianza analeta trekta tupande mahindi, na Sista apelekwe kwa mama mkwe, Bokoli. Sista ni ng'ombe niliyeachiwa na marehemu mama. Haendi Bokoli. Nimeomba mpaka Pasaka – klova ikishika, trekta haiingii. Akasema sawa, vile mtu hubembeleza mtoto.

Ofisa wa kilimo anasema ningoje mvua. Jirani yangu Wakonyo anasema mwaga sasa, ng'ombe akanyage, mvua ikute mbegu chini. Nimsikie nani? Nikachanganya na mchanga, nikamwaga, nikampitisha Sista juu mara nne. Sasa amefungwa kwa Wakonyo asije akala itakayoota.

Jumatano, 12 Machi
Jua tu. Ndege wanadonoa malishoni. Wanadonoa nini? Sitaki kujua.

Ijumaa, 21 Machi
Jana mvua, dakika ishirini, basi. Hiyo ni ya kuotesha ama ya kuua? Sielewi tena.

Jumapili, 30 Machi
Imeota! Majani matatu matatu, karibu na bomba. Sikuenda kanisa. Nimeyapa maji ya vyombo, kikombe kwa kikombe. Nikampigia Walubengo. Akasema basi atamwambia mtu wa trekta angoje.

Jumanne, 8 Aprili
Wakonyo amekuja kuona. Akachuma moja, akatafuna. Ati, "Pauline, si hii ni ile kali tulikuwa tunakula tukitoka shule?" Nikaonja. Kali kama ndimu. Siku tisa nanywesha magugu! Nimeona aibu. Walubengo sijamwambia.

Alhamisi, 17 Aprili
Mvua ya kweli, siku ya nne. Majani matatu matatu kila mahali. Ya klova ni ya mviringo, na alama nyeupe katikati, hivyo ndivyo picha ya pakiti inaonyesha. Haya yana umbo la moyo. Yote.

Jumamosi, 19 Aprili
Naandika jikoni. Jana nilimwambia Walubengo ukweli. Leo trekta iko langoni.

Asubuhi nimeipata moja, pembeni ya mavi makavu ya Sista. Mviringo, na alama! Nikaikimbiza langoni. Walubengo akauliza, "Si ni ile ile tu?" Nikasema hii si kali, nikaitia mdomoni nimwonyeshe. Kweli si kali. Nikameza.

Dereva akacheka. Walubengo hakucheka. Akasema nimwonyeshe nilipoitoa. Nimezunguka, sipaoni. Mavi yote yanafanana.

Sasa namwona dirishani. Amechuchumaa na suruali ya ofisi, anapekua pembeni ya mavi, moja baada ya lingine. Amefika fungu la saba. Trekta haijazimwa. Naogopa kutoka.