Chumvi ya Bi Mwamvua

Jumatano, Rumonge

Na bado watu wanamwamini! Ni soko la tatu sasa Bi Mwamvua anaonja chumvi yangu ya Uvinza, anaitema, anawaambia wanawake wanaokausha ndagala, dagaa wa ziwani, kwamba ina mchanga. Anasifu ile inayoletwa na meli ya Wadachi. Hasemi kwamba anayeiuza ni mukwe wake.

Leo nimekwenda kumpa pole ya mguu wake alioumia. Akanikaribisha chakula, samaki wa mukeke, akamwita binti yake: "Leta chumvi. Ile ya Uvinza."

Nikamkazia macho. Hakuona haya.

"Baba Saidi, mukwe wangu lazima auze. Lakini mukeke lazima ukolee."

Nikala, nikamaliza sahani.

Kesho ni soko. Atatema tena. Nitamuumbuaje mtu niliyekula kwake?