Pile za Telekomande

Goma, Birere, 9 Machi 2025

Mwanangu Angèle,

Salamu nyingi toka hapa nyumbani. Habari ya Butembo, ya bwana yako na mutoto? Sisi tunapumua. Magoti yanamusumbua mama yako, lakini anatembea.

Jana nilimupa Zéphirin, yule kijana fundi jirani yetu, vyombo vyangu vyote vya kutengeneza redio. Usiniulize sana. Tangu kandege kangu ka kuchezea, nilikokaunda mwenyewe, kalipomuangukia Mama Élodie kule Munigi na kumutoboa jicho, mikono hii siiamini tena. Karibu miaka sita sasa. Ni mimi nilishika telekomande.

Papa yako

Butembo, 2 Aprili 2025

Papa mupenzi,

Nakusalimia kwa heshima. Tuko wazima, mutoto ameota meno mawili. Mama apakwe mafuta ya moto magotini.

Vita imefunga njia, barua yako imezunguka Uganda, nimeipata jana. Nimeisoma, chakula kikanishinda. Kwa simu nisingeweza kukuambia hili.

Papa, si mikono yako. Jumamosi, siku moja kabla ya ajali, umeme ulikatika na nilikuwa najitayarisha kwa Examen d'État, mutihani wa kumaliza sekondari. Nilitoa pile nne mupya ndani ya telekomande nikazitia katika tochi. Mahali pake nikaweka za zamani, za redio ya jikoni. Nilifikiri pile ni pile. Kesho yake nguvu ikaisha, kandege hakakusikia tena. Nilikuona unavuta vile vijiti vya telekomande, unavuta, nako kanaenda tu. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na saba, niliogopa.

Nisamehe. Chukua tena vyombo vyako kwa Zéphirin.

Mutoto wako

Goma, 27 Julai 2025

Angèle,

Uko muzima? Hapa tupo. Nilianza kukujibu mara tatu, nikapasua karatasi.

Nilikukasirikia, siwezi kuficha. Wiki mbili sikutaka jina lako litajwe mezani. Hasira ilipopungua, nikabaki na jambo langu, nalo ni baya kuliko lako. Telekomande ile ina kasindano kanakoonyesha nguvu ya pile. Kabla ya kurusha nilikaangalia. Kalikuwa chini kabisa. Lakini watu waliotoka misa walikuwa wamejaa juu ya mawe ya volkano, na Julien, kijana mumoja kati yao, akaita, "Muzee, tunangoja!" Nikasema zitatosha dakika tano.

Nitaenda kwa Mama Élodie nimuambie.

Papa yako

Butembo, 19 Agosti 2025

Papa,

Amani kwenu. Sisi ni salama, mutoto tu ana kikohozi.

Ningoje, nakuomba. Njia ikifunguka nitakuja, twende sisi wawili. Usiende kubeba langu peke yako.

Mutoto wako

Goma, 5 Oktoba 2025

Mwanangu,

Kikohozi cha mutoto kimeisha? Mama yako anawasalimia, leo ameamka vizuri.

Sikungoja. Njia haifunguki, na mimi nazeeka. Nilimukuta Mama Élodie anamenya viazi mbele ya nyumba. Nikamuambia yote, pile zako na kasindano kangu. Alimenya mpaka nikamaliza.

Kisha akauliza, "Papa Angèle, uliona?"

"Niliona."

"Miaka sita unaniletea sabuni na sukari, unasema ilikuwa bahati mubaya. Na mimi nilikuwa nakuombea kwa Mungu akutolee huzuni."

Akaokota beseni lake, akasimama mulangoni. "Angèle alikuwa mutoto," akasema. Akafunga. Nilikaa pale nje mpaka mvua ikanyesha, hakufungua.

Neno lile alilosema, lichukue, ni lako. Mimi hakuniambia kitu.

Papa yako