Tumbo la Gulabi

Labasa, Fiji
3 Machi 1991

Vimla mwanangu,

Baba yako anakusalimu. Mimi mzima, isipokuwa hili goti linalojua mvua kuliko redio. Wewe je, huko Brisbane unakula ukashiba?

Mbuzi wako Gulabi kaniletea vituko uzeeni. Tumbo limejaa, kiwele kimetuna. Kumbe beberu wa Yasin karuka ua! Nikamwendea jirani yangu: "Mwanao kaniharibia binti, lete mahari." Akacheka mpaka akakohoa. "Ajuza huyo! Mchinje, Bisun, kabla nyama haijawa ngozi ya ngoma." Nikamwambia mwenye mimba hachinjwi, na Gulabi hata bila mimba hachinjwi, ni wa Vimla, aliyemlea kwa chupa. Kila asubuhi nampa sukari guru, kama nilivyompa marehemu mama yako ulipokuwa tumboni.

Baba yako

Brisbane
30 Machi 1991

Baba mpendwa,

Nagusa miguu yako kutoka mbali. Goti lipake mafuta ya nazi, usilichekee. Mimi sijambo.

Barua yako nimeisomea jikoni hotelini, nikacheka peke yangu, waosha vyombo wenzangu wakadhani nimerukwa na akili. Gulabi mjamzito! Wakili anasema karatasi zangu za ukaazi huenda zikatoka kabla ya Diwali. Bila hizo, nikitoka huku sirudi tena. Niahidi, Baba, hakuna atakayemgusa mpaka nije.

Binti yako

Labasa
18 Agosti 1991

Vimla mwanangu,

Natumai barua hii itakukuta na afya. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Miezi ya mbuzi imepita na Gulabi hajazaa. Anajikamua mchana kutwa, hakitoki kitu ila damu. Damu ilianza zamani, nikadhani ni uchungu wa kuzaa unaanza. Jana daktari wa mifugo alikuja kuchanja ng'ombe wa Yasin, nikamwita. Alimpapasa, akaguna. "Mzee, humu hamna mtoto. Ni uvimbe wa kizazi, na umeshaenea." Nikamuuliza dawa. Akasema mapema labda angepasuliwa, sasa imebaki kumpumzisha tu. Sukari guru yote ile, Vimla, nilikuwa nalisha nini?

Yasin anasimama langoni na kisu chake. "Bisun, ngoja ngoja huumiza matumbo, na hili si tumbo lako." Kweli tupu. Lakini nilikuahidi. Sema neno moja, mwanangu.

Baba yako

Brisbane
2 Septemba 1991

Baba,

Nagusa miguu yako. Siwezi kusema mzima wala mgonjwa.

Karatasi zimekataliwa. Wakili amekata rufaa. Baba, mwili wa mama ulichomwa nikiwa huku, sikuuona hata moshi. Gulabi nilimnyonyesha mimi, nikimwita anakuja mbio. Akiondoka yeye naye, nitarudi kwa nani anayenijua vile? Najua ni ukatili. Usimchinje kwanza, ngoja kidogo. Nitaandika Jumapili.

Binti yako

Labasa
29 Septemba 1991

Vimla,

U hali gani? Sijapata barua tena. Gulabi hali tena majani, anaramba chumvi mkononi mwangu tu. Nikitoka zizini analia, nikirudi analia. Kila siku Yasin ananiuliza, "Imekuja?" Namjibu bado. Andika, hata mstari mmoja.

Baba yako

Brisbane
13 Oktoba 1991

Baba,

Mwite Yasin.

Kila Jumapili nilikaa na kalamu, mkono ukagoma. Nisamehe. Diwali siji.

Binti yako

Labasa
24 Oktoba 1991

Vimla mwanangu,

Nakusalimu. Goti linauma, mvua ziko karibu. Kula, mwanangu.

Barua yako imefika leo. Gulabi alikufa Jumatatu. Hakufa vizuri, sitakudanganya. Asubuhi ile Yasin hakuuliza kitu. Aliacha kisu kwake akaja na jembe, tukachimba pamoja kando ya miwa, naye akanisemesha habari za mvua tu.

Usijilaumu. Wewe ulikuwa ng'ambo ya bahari. Mimi nilikuwa naye zizini, na kisu kiko langoni, nikakaa nangoja barua. Nilidhani naitunza ahadi yako. Kumbe na mimi nilikuwa naogopa.

Jioni hii nimekwenda pale kando ya miwa na barua yako. Nimemsomea.

Baba yako